Mamba wa Ufilipino: kwa nini mashine ya kutotoleshea mayai haitoshi kumwokoa

SWALI: Nasomea usimamizi wa wanyamapori. Nimesoma kwamba mamba wa maji baridi wa Ufilipino wamebaki kama mia moja tu porini, ilhali vituoni wapo mamia. Jike mmoja hutaga mayai ishirini na zaidi. Kwa nini wasikusanye mayai yote, wayatotoleshe kwa mashine, kisha waachie vitoto kwa wingi? Kazi hiyo hufanywaje hasa? Na je, njia hiyo inaweza kutufaa kwa mamba mwenye mdomo mwembamba wa Ziwa Tanganyika?

JIBU: Mayai si kitu kinachokosekana. Mamba huyu anazaa vizuri, hata kifungoni. Vinavyokosekana ni viwili: kitoto kupita salama mwaka wake wa kwanza, na mto wenye watu waliokubali kuishi naye. Mashine inasaidia kidogo kwenye la kwanza, na kwenye la pili haisaidii kabisa. Nitaeleza kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu mahali inapokwama ndipo utakapoona kwa nini mpango wa kuachia kwa wingi haujamwokoa.

Kwanza mnyama mwenyewe. Crocodylus mindorensis alielezwa kisayansi na Karl Patterson Schmidt mwaka 1935 kutokana na vielelezo vya kisiwa cha Mindoro, na nje ya Ufilipino hapatikani popote. Ni mdogo: dume mkubwa kabisa hufika kama mita tatu, na majike wengi hawazidi mita mbili. Usimfikirie kama mamba wetu wa Rufiji au Mara. Chakula chake ni konokono, kamba wa mtoni, samaki, kereng'ende, panya, nyoka, ndege, na mara chache mbwa au nguruwe mdogo aliyeachwa azurure mtoni. Anauma akichokozwa au akilinda kiota, lakini hana mwili wa kumwinda mtu mzima.

Tatizo ni kwamba visiwa hivyohivyo vina mamba wa maji chumvi, Crocodylus porosus, mkubwa na hatari kweli. Yule aliyenaswa Bunawan, kisiwa cha Mindanao, Septemba 2011 alipimwa mita 6.17. Habari za mnyama kama huyo zikienea, hasira humwangukia hata mdogo wa mtoni asiyehusika. Ndiyo maana mfanyakazi yeyote wa mradi lazima ajue kuwatofautisha. Tazama kisogoni, nyuma tu ya fuvu: mamba wa Ufilipino ana safu ya magamba makubwa yaliyoinuka, kwa kawaida manne hadi sita, wakati mamba wa maji chumvi kwa kawaida hana, au anayo madogo yasiyoonekana vizuri. Magamba ya mgongoni nayo ni mazito zaidi kwa huyu mdogo.

Sasa hesabu. Uchunguzi wa mtafiti Charles A. Ross mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikadiria kati ya mamba 500 na 1,000 porini. Tathmini ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ya mwaka 2016 ilitaja kati ya 92 na 137 waliokomaa, katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Uwindaji wa ngozi ulianza kuwapunguza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Upungufu uliofuata uliletwa na mashamba ya mpunga yaliyokausha mabwawa, nyavu zinazowazamisha, na uvuvi wa baruti, wa sumu na wa umeme. Mamba wa mtoni anapouawa kwa umeme wa betri ya mvuvi, mara nyingi hakuna aliyemkusudia.

Jike hukomaa akiwa na urefu wa kama mita 1.3, dume kama mita 2.1, na porini hilo huchukua takriban miaka kumi. Shika hiyo miaka kumi. Viota huanza kujengwa mwisho wa kiangazi, kuanzia Aprili hivi, na kutaga huendelea hadi mvua zinapoanza. Jike hukusanya majani, matete na udongo akafanya kichuguu, au akachimba shimo ukingoni. Kiota huwa na mayai kuanzia saba hadi thelathini na kitu. Kifungoni jike mmoja ameweza kutaga zaidi ya mara moja kwa msimu. Kwa hiyo, kama ulivyosema, uzazi upo.

Kinachofuata ndicho kigumu. Vitoto hutoka mvua zikiwa zimeanza, na kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Luzon mvua hizo huja na vimbunga. Mito inayoshuka kutoka milima ya Sierra Madre ni ya kasi. Mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kufagia vitoto vyote vya kiota kimoja. Ongeza ndege walao samaki, kenge, samaki wakubwa, na mamba wenzao. Tuseme mayai 20, vitoto 15 wakatoka. Kama wawili tu wanamaliza mwaka, na kila mwaka unaofuata nyavu zinachukua sehemu yao, si ajabu kiota kizima kisitoe jike hata mmoja atakayefika miaka kumi.

Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya kuchukua vitoto porini, kuwalea mpaka wavuke umri wa hatari, na kuwarudisha palepale. Taasisi ya Mabuwaya, iliyoundwa mwaka 2003 na yenye kazi zake kubwa katika manispaa ya San Mariano, jimbo la Isabela, imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 2005 hivi. Vitoto hulelewa kati ya miezi 14 na 18. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya walioachiwa walikuwa hai baada ya miezi 12. Kwa mamba wadogo, hayo ni matokeo mazuri sana.

Angalia kwamba wanachukua vitoto, si mayai. Hili wengi hulipuuza. Yai likiachwa kiotani, joto la kiota ndilo linaloamua jinsia, jike hulinda, na vitoto wanapolia ndani ya mayai jike hufukua na kuwatoa. Huhitaji umeme wala jenereta. Kinachotakiwa ni mlinzi wa kijijini wa kuzuia mbwa, nguruwe na watu, na daftari la tarehe ili mjue siku ya kuwa pale. Mayai yahamishwe tu kiota kikiwa hatarini kweli: maji yanapanda, ukingo unabomoka, au kiota kimejengwa katikati ya shamba linalokaribia kulimwa.

Ikibidi kuhamisha, kosa linaloua mayai mengi kuliko yote ni kuyageuza. Kiinitete cha mamba hujishikiza kwenye upande wa juu wa ganda ndani ya takriban saa 24 baada ya yai kutagwa. Ukiligeuza yai baada ya hapo, hasa katika wiki za mwanzo, kiinitete hung'oka au huzibwa na kiini cha yai, akafa, nawe usijue mpaka uone linaoza. Basi kabla ya kuliinua yai, weka alama juu yake kwa penseli laini. Wino una kemikali na ganda linapitisha vitu. Tumia ndoo au sanduku la povu, weka chini takataka zilezile za kiota, panga mayai yakiwa yamelala kama yalivyokuwa, funika kwa takataka hizohizo, na ubebe kwa mkono. Pikipiki kwenye njia ya mawe itakuharibia kazi yote. Fanya asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha sanduku.

Yai lenye uhai huonyesha utepe mweupe usiopitisha mwanga, unaoanza kama doa juu ya ganda na kuzunguka yai kadiri siku zinavyokwenda. Lisilo na utepe baada ya wiki mbili halikurutubishwa; litoe, kwa sababu ukungu wake utahamia kwa mengine.

Katika mashine, unyevu uwe zaidi ya asilimia 90, na mayai yakae juu ya vemikulaiti (chembe za madini mepesi zinazoshika maji) yenye maji kidogo au juu ya mimea ya kiota, yasiguse maji yaliyotuama. Joto ndilo la kuangalia kwa macho mawili. Kwa mamba huyu, nyuzi 30 hadi 31 hutoa majike, nyuzi 33 hutoa madume kwa wingi. Jinsia huamuliwa katika theluthi ya kati ya muda wa kuatamia, kwa hiyo umeme ukikatika wiki hizo si suala la yai kufa au kupona tu. Unaweza kutoa kundi zima la jinsia moja bila kukusudia. Chini ya nyuzi 28 kiinitete hudumaa na wengi hufa. Ukivuka 34 hutoka vitoto wenye mikia iliyopinda na taya zisizokutana. Tumia vipimajoto viwili, kimoja katikati ya mayai, usikiamini kile cha ukutani cha mashine. Muda wote ni siku 65 hadi 85 kulingana na joto.

Vitoto wakianza kulia ndani ya mayai, subiri. Anayeshindwa kupasua ganda baada ya wenzake wote kutoka msaidie kidogo puani tu, wala usifungue ganda upande wa tumbo, maana kiini kilichobaki huwa bado kinaingia mwilini. Kitoto aliyetoka na kitovu wazi mweke peke yake kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, nyuzi 31 au 32, mpaka kifunge. Akipata baridi hapo, kiini hakisagiki tumboni, bakteria huingia, na ndani ya wiki mbili ana tumbo gumu na hali kitu. Wengi wanaokufa mwezi wa kwanza hufa kwa sababu hiyo.

Tangi la kulelea liwe na nusu nchi kavu na nusu maji ya kina kama cha kiganja, sakafu laini isiyochubua matumbo, na vibao vya kujifichia juu ya maji. Vibao hivyo ni muhimu kuliko ukubwa wa tangi. Kitoto asiye na pa kujificha hukaa na hofu, hofu humzuia kula, na asiyekula huugua. Joto la maji lisishuke chini ya nyuzi 30 hata usiku. Wasizidi kumi kwa mita moja ya mraba, na hapa spishi hii ni tofauti na mamba wetu wa Naili: hawa hupigana tangu udogoni, na wakubwa ni wabaya zaidi, kiasi kwamba vituo hufuga jozi mojamoja na hata hivyo dume huweza kumuua jike. Kila wiki mbili wapange upya kwa urefu. Mkubwa akikaa na wadogo, yeye hunenepa na wao hukonda.

Chakula cha kwanza usikiharakishe. Siku tano hadi saba za mwanzo kiini kinatosha. Baada ya hapo wape jioni: kamba wadogo hai, panzi, samaki wadogo wazimawazima na mifupa yao. Wanaokula tu kilichokufa hawajifunzi kuwinda, kwa hiyo windo hai liwe sehemu ya chakula kuanzia mwanzo. Asubuhi ondoa mabaki yote na ubadilishe maji. Nyama tupu bila mfupa huleta ugonjwa wa mifupa: taya hulegea kama mpira, meno husimama ovyo, mgongo hupinda. Ukilazimika kutumia nyama, saga pamoja na mifupa. Samaki wa barafu kila siku huleta upungufu wa vitamini B1, utaona kitoto anatetemeka na kuogelea kiupandeupande. Na ukiwalisha sana huku maji ni ya baridi au machache, tindikali ya mkojo hujaa kwenye viungo, miguu ikavimba na figo kushindwa. Mtumishi mwenye huruma nyingi na ndoo kubwa ya nyama anaweza kuua tangi zima.

Kabla ya kuachiwa, kila mmoja hupimwa urefu na uzito, huwekewa kijichipu chini ya ngozi, na hukatwa baadhi ya magamba yaliyosimama mkiani kwa mpangilio maalumu, ili namba yake isomeke hata baada ya miaka. Kisha hupimwa vinasaba. Hatua hii haina mjadala. Huko nyuma mamba wa Ufilipino na wa maji chumvi walifugwa pamoja, na vipimo vya miaka ya 2010 vilionyesha kwamba baadhi ya mamba waliofugwa kituo cha Palawan, kilichoanza mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ni machotara wa mamba wa maji chumvi. Wakati mwingine chotara humwoni kwa macho. Ukimwachia kwenye mto wenye majike kumi halisi, umeanza kuifuta spishi unayodai kuiokoa. Hii ni sababu moja kubwa kwa nini wale mamia wa vituoni si akiba ya kumwaga porini kama ulivyowaza.

Sababu ya pili ni mahali. Julai 2009 mamba 50 waliozaliwa kifungoni waliachiwa katika Ziwa Dicatian, Divilacan. Lilikuwa tukio kubwa, lakini halikutoa jamii kubwa ya mamba iliyotarajiwa. Ziwa dogo lina samaki na konokono wa kutosha idadi fulani tu. Mamba wagomvi hivi hufukuzana, wanyonge hutoka na kuangukia kwenye nyavu. Ningeachia kumi mahali pazuri, nikawafuata kwa tochi usiku miaka mitatu, kabla ya kuongeza mmoja. Mwaka 2013 wadogo 36 walipelekwa bwawa la Paghongawan, kisiwa cha Siargao, na pale watu wa kijiji walihusishwa tangu mwanzo, hata kupata kipato kwa kuwatembeza wageni kwenye mitumbwi. Hilo la pili ndilo la kuiga.

Na sasa sehemu ambayo mashine haigusi kabisa. Sheria ipo: Sheria Namba 9147 ya mwaka 2001 inamtishia anayeua mnyama wa daraja hili kifungo cha zaidi ya miaka sita hadi kumi na miwili, faini hadi peso milioni moja, au vyote viwili. Hata hivyo katika bonde lenye askari mmoja na barabara isiyopitika masika, sheria hiyo haimlindi mamba hata mmoja. Kilichomlinda kule San Mariano ni kwamba manispaa yenyewe ilitangaza Mto Disulap kuwa hifadhi ya mamba mwaka 2001, wakulima na wavuvi wa pale wakawa walinzi, na mikutano ikafanyika kijiji kwa kijiji, shule kwa shule. Kwa Wakalinga na Waagta wanaoishi kandokando ya mito hiyo, heshima kwa mamba si jambo jipya, na mradi ulijenga juu ya heshima hiyo badala ya kuwahubiria. Sehemu kubwa ya kukomesha baruti na umeme ilikubalika kwa sababu inawarudishia samaki wavuvi wenyewe.

Bado kuna mgogoro wa ukingo. Kanuni za maji za Ufilipino zinataka mita 20 kila upande wa mto ziachwe kwenye eneo la kilimo, lakini mahindi hupandwa hadi kwenye maji. Mita hizo kwa familia yenye hekta moja ni chakula cha miezi. Ukimwambia mkulima aziache bila kumpa chochote, atakuitikia mkutanini na kulima kesho yake. Miche ya matunda au mianzi ya kupanda ukingoni, banda la nguruwe mbali na mto, gati dogo lenye uzio la kuogea na kufulia: hivi vina gharama ndogo kuliko mashine moja ya kutotoleshea, na mimi ningeanza navyo.

Kuhusu Ziwa Tanganyika. Mamba mwenye mdomo mwembamba aligawanywa rasmi kuwa spishi mbili mwaka 2018: Mecistops cataphractus wa Afrika Magharibi, na Mecistops leptorhynchus wa Afrika ya Kati, ambaye makazi yake yanaishia kwenye Ziwa Tanganyika. Huyu wa kwetu ndiye wa pili. Naye hujenga kichuguu cha majani, lakini hutaka ukingo wenye msitu na kivuli, na hutaga mayai machache kuliko mamba wa Naili. Mradi wa kumzalisha yule wa magharibi upo Abidjan, Ivory Coast, na maarifa ya ulezi niliyoeleza yanafanana sana.

Ila usianze na ulezi. Anza kwa kujua kama wapo, wangapi, na wapi wanataga. Tembelea vijiji vya wavuvi vya kando ya ziwa na kwenye midomo ya mito, ukiwa na picha mbili, ya mamba wa Naili na ya huyu mwembamba, na umwulize kila mvuvi peke yake, wala usiwaulize mkutanini. Uliza ni lini alimwona wa mwisho, alikuwa na ukubwa gani, na kama alinaswa kwenye nyavu. Tafuta mafuvu yaliyowekwa majumbani. Kisha hesabu kwa tochi usiku wa giza usio na mbalamwezi, maji yakiwa yamepungua, kwa mtumbwi unaokwenda mwendo uleule kwenye njia ileile, na urudie angalau mara tatu kwa msimu. Macho mekundu yanayorudisha mwanga yahesabu, lakini usiandike spishi mpaka umekaribia kuona mdomo. Ukiona vitoto, jamii bado inazaa na kazi yako ni nyavu na ukingo. Ukiona wakubwa tu mwaka hadi mwaka, hapo ndipo viota vilindwe kwanza, na ulezi wa vitoto uanze kufikiriwa.